Soli imebanduka Barranco, fito imevunjika Barafu: mfuko wa matengenezo mlimani uwe na nini

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni asistenti gaidi, yani msaidizi wa mwongoza wageni Kilimanjaro, nakaa Majengo hapa Moshi, ndo naingia msimu wangu wa pili. Safari iliyopita tulipita njia ya Machame, siku ya kutoka kempu ya Barranco kwenda kempu ya Karanga buti la mgeni likabanduka soli, gaidi mkuu akalifunga kwa kamba ya kiatu ikakatika, akafunga tena ikakatika. Alafu usiku wa Barafu, kempu ya mwisho kabla ya kilele, upepo ukavunja fito ya tenti na hatukuwa na kitu cha kuungia, wageni wawili wakahamia tenti ya kulia chakula, hawakulala. Nataka niwe na vifaa vyangu lakini begi langu tayari limejaa. Nibebe nini, nani abebe, na je supa gluu inashika soli?

JIBU:

Marahaba mdogo wangu. Umefanya vizuri kuuliza sasa hivi msimu haujachanganya, maana hili swali wengi wanaliuliza wakiwa tayari wako Barafu vidole vimekufa ganzi na hapo hata ukipewa jibu zuri hulifanyii kitu.

Ntaanza na la nani abebe, kwa sababu hilo ndo linaangusha safari nyingi kuliko aina ya vifaa. Kampuni nyingi boksi la vifaa wanalo, tatizo liko ndani ya mzigo wa mpagazi, na mpagazi akishakunja kempu asubuhi anawapita njiani, nyie mkiwa bado kwenye ukuta wa Barranco mnavuka lile jiwe la kukumbatia yeye anakaribia Karanga anaenda kusimika tenti. Sasa soli ikibanduka pale ukutani boksi liko mbele saa mbili au tatu. Mpagazi hajakosea, ndo kazi yake ilivyo. Aliyepanga mizigo ndo hakufikiria kitu kitaharibikia wapi.

Kwaiyo gawanya mara mbili. Vitu vinavyoharibika mtu akiwa anatembea, yani viatu, fimbo, mikanda ya begi, tochi, vifaa vya kuvitengenezea vikae kwenye begi lako wewe asistenti, na wewe ndo mara nyingi unakuwa wa mwisho nyuma na mgeni anayechoka, huyo ndo kiatu chake kitafumuka. Vitu vinavyoharibika kempu, yani fito, zipu, godoro la kupuliza, jiko, vikae kwenye mfuko mwingine unaosafiri na vyombo vya jikoni. Huo wa njiani usizidi nusu kilo, ukizidi hapo utaanza kuuacha kempu siku unayojisikia vibaya na ndo siku utakayouhitaji. Wa kempu unaweza kufika kilo moja na nusu hivi, ila naomba sana uuingize kwenye hesabu ya zile kilo 20 za mpagazi tangu mnapopanga mizigo, sio mzani wa getini umeshapita ndo unamchomekea juu. Anaonekana amebeba kitu kidogo tu lakini ni kidogo juu ya kingine juu ya kingine, na mgongo ni wake.

Sasa soli. Hapa ntakaa kidogo kwa sababu ndo tatizo namba moja la njiani Kilimanjaro na ndo linaloeleweka vibaya.

Buti nyingi za mlimani, kati ya ule mpira mweusi unaokanyaga chini na ngozi ya juu kuna tabaka la povu, wengi wanatumia povu la poliuretani, linafyonza mishtuko ya miguu. Adui wa hilo povu ni unyevu na muda. Unyevu wa hewa unalikata taratibu kwa ndani hata kama buti liko kabatini halijavaliwa, miaka inapita, mtu analitoa anaona jipya kabisa ngozi inang'aa, anakuja nalo Moshi, siku ya tatu ya kutembea povu linamumunyuka kama biskuti iliyoloweshwa chai. Ndo maana utashangaa buti linalobanduka mara nyingi sio la yule anayetembea kila wikiendi huko kwao, ni la yule aliyelinunua zamani kwa bei kubwa, akalivaa mara chache, akalitunza. Umri unaua buti kuliko matumizi, na likifika miaka kumi mimi siliamini hata likiwa zuri vipi machoni.

Ukishaelewa hapo jibu la supa gluu unalo. Haishiki. Povu lenyewe limeoza, sasa gundi inashika unga, na huo unga haujashikana na kitu. Alafu supa gluu ikikauka inakuwa ngumu haikunjiki, wakati soli inakunjika kila hatua, kwaiyo hata kama povu lingekuwa zima bado ingepasuka baada ya nusu saa. Gundi ya fundi viatu ni nzuri, lakini inataka pande zote ziwe safi na kavu, inataka isubiriwe ikauke kidogo ndo ubandike, inataka kugandamizwa, na inataka joto la huku chini. Kule baridi inachelewa sana kushika. Na kitu kingine, usiifungue ndani ya tenti ya jikoni jiko likiwaka kwa sababu mvuke wake unashika moto, hili naomba uwaambie na wapishi.

Supa gluu yenyewe beba kimoja kidogo, ina kazi zake, kioo cha miwani kilichochomoka kwenye fremu, kishikio cha plastiki kilichopasuka, basi.

Kinachookoa soli ni mpira wa tyubu. Ndio, ile mipira wanayofungia mizigo bodaboda. Nenda kwa fundi pikipiki yeyote hapo Majengo, omba tyubu iliyokufa, ya pikipiki ni nzuri kuliko ya baiskeli kwa sababu ni nene na pana, ikate vipande vya upana wa vidole viwili na urefu wa kama mita moja na nusu, beba vinne. Havina uzito, havigharimu kitu na kwenye mfuko wako hakuna kitakachofanya kazi nyingi kama hivyo. Kamba ya kiatu ya gaidi wako ilikatika kwa sababu haivutiki, kila mguu ukikunjika kamba inabeba nguvu yote, na hapohapo inasagwa na jiwe kwa chini. Mpira unavutika na kurudi na unapokanyagwa unalala bapa.

Kufunga kwenyewe ni hivi. Usisubiri soli itoke yote, ukisikia tu mgeni anatembea na mlio wa kupigapiga simamisha. Mkalishe, pangusa vumbi na kokoto zote kati ya soli na buti, kokoto moja ikibaki ndani itamwonea mpaka jioni na atakuja na malengelenge ambayo hayarekebishwi na plaizi. Irudishe soli mahali pake, mwambie asimame aikanyage. Mpira uanzie juu ya vidole, upite chini ya vidole mara mbili kwa sababu pale ndo soli inapofunguka, alafu uvuke juu ya mguu kwa kukatiza, ushuke chini pale kwenye upinde katikati ya soli ambapo hapagusi sana ardhi kwaiyo mpira hautalika haraka, urudi nyuma ya kisigino, upande juu ya kifundo na fundo ulipige pembeni kwa nje, sio chini na sio mbele pale buti linapokunjika. Vuta mpaka uone mpira umepungua upana. Alafu muulize, vidole vina ganzi? Usiliache hilo swali, mguu uliobanwa damu haifiki vizuri na kule juu baridi inaingia haraka sana.

Juu ya mpira, pale chini ya vidole, zungusha tepu ya kijivu mara tatu nne kuukinga na mawe, ila tepu haishiki kwenye vumbi wala kwenye unyevu, kwaiyo futa kwanza kwa kitambaa kikavu. Tepu usibebe gurudumu zima, izungushie kwenye fimbo yako chini ya mshiko au kwenye kiberiti cha gesi, mita tatu nne zinatosha njiani, gurudumu libaki kempu. Kebo tai, zile kamba za plastiki za kukaza, nazo beba chache zile pana, zinasaidia pua ya buti, ila kwenye baridi kali plastiki inakuwa kavu inakatika kwaiyo usizitegemee peke yake.

Na ukishafunga la kulia, funga na la kushoto. Hata kama liko zima. Yamezaliwa siku moja, yamekaa kabati moja, la pili litafuata leo au kesho, na ukilifunga likiwa bado limeshika litadumu kuliko ukisubiri lifumuke.

Jioni kempu ndo unafanya kazi ya kudumu kidogo. Sindano ya fundi viatu ile yenye kidoano kichwani, na uzi wa nailoni uliopakwa nta, unashona ukingo wa mpira wa soli na ule ukanda unaozunguka buti, mishono michache ya pua na ya kisigino, sio lazima kuzunguka lote. Ukikaa na fundi viatu mmoja asubuhi moja atakufundisha, mlipe muda wake, ni elimu utakayotumia miaka. Wako magaidi wanapiga skrubu fupi kutoka chini, inakubali kwa soli nene tu, na kabla ya kupiga toa ile soli ya ndani uone ncha isije ikatokeza kwenye nyayo za mtu.

Ila yote hayo ni ya kumfikisha. Buti linalooza unalikamata Moshi, jioni ya brifingi hotelini. Usikae na karatasi tu ya kutiki, shika buti mkononi. Bonyeza lile povu pembeni kwa kidole gumba, ukiona linabonyea bila kurudi au kuna mistari midogo ya kupasuka, hilo limekwisha. Likunje kwa nguvu pua ielekee juu, angalia kama kuna mdomo unafunguka mbele. Alafu uliza kwa upole, hili umenunua mwaka gani? Mgeni anaweza kukataa kwa sababu buti lake analipenda, usibishane nae, mwambie ukweli kwamba kuna za kukodi hapa mjini na leo bado kuna muda, kesho mkishapita geti hakuna. Na akikataa kabisa basi mwombe aweke raba zake ngumu kwenye begi la mpagazi, hizo zinaweza kumshusha mtu mpaka geti la Mweka.

Fito ya tenti sasa. Watu wanalaumu upepo wa Barafu, na kweli pale ni mgongoni mwa mlima, mita 4,600 na ushee, hakuna kitu cha kukinga. Lakini nikiangalia fito zilizovunjika zinazorudi stoo nyingi zimevunjikia sehemu moja, pale kwenye maungio, na hiyo maana yake aliyesimika hakusukuma kipande kikaingia mpaka mwisho kwenye kichuma chake. Ikibaki nafasi hata ya kidole kimoja, nguvu yote ya kupinda inakaa kwenye ukingo wa bomba na ukingo unachanika. Kwaiyo kabla ya vifaa, wafundishe vijana wanaosimika: pitisha mkono fito nzima ukihakikisha kila ungio limefunga, na wakati wa kukunja waanzie katikati wakienda nje ile kamba ya mpira ya ndani isivutike upande mmoja. Na pale Barafu vigingi haviingii kwenye mwamba, funga kamba zote za pembeni kwenye mawe makubwa, zote, tenti iliyofungwa kamba mbili tu inacheza usiku kucha na fito inachoka.

Ikishavunjika unachohitaji ni kibomba cha kuungia, kipande cha bomba la alumini urefu kama sentimita 12 mpaka 15 chenye upana unaozidi fito kidogo tu. Unanyoosha kwanza pale palipopinda kama imepinda, unaminya zile kingo zilizochanika kwa plaizi zirudi mviringo, unateleza kibomba mpaka mvunjiko ukae katikati yake, alafu tepu ncha zote mbili kisitembee. Dakika tano. Hawa wageni wako wawili wangelala.

Vibomba vinauzwa pamoja na tenti nzuri, na wengi wanavitupa kwa kutojua ni vya nini, kachungulie stoo kwenu kwenye mifuko ya fito utavikuta. Usipovikuta nenda kwa mafundi wa TV uulize antena mbovu zile za zamani za juu ya bati, ule ni utajiri, mabomba ya alumini ya saizi tofauti tofauti. Nenda na kipande cha fito yenyewe mkononi upime hapohapo, kwa sababu fito za tenti za kulala na zile za tenti ya kulia hazilingani, na kibomba kinachokataa kuingia hakina maana, kikiwa kikubwa mno nacho kinacheza. Saizi mbili, kila saizi viwili. Siku ambayo huna kabisa chukua vigingi viwili vya chuma uvilaze pande mbili za mvunjiko uvikaze kwa tepu na mpira wa tyubu, inashika mpaka asubuhi. Kama fito ni za faiba glasi vaa glavu, nyuzi zake zinaingia kwenye ngozi na kuzitoa ni shida.

Hapo kwenye kupima kabla ya safari nataka nikae kidogo. Wale wanaotembea na ski, yani vile vibao virefu vya kuteleza kwenye theluji, kwenye milima ya Alps kule Ulaya wana utamaduni mzuri sana wa hiki kitu. Kifungio kinachoshika buti kwenye ski kikichomoka mbali na kijiji mtu anazama kwenye theluji mpaka kiunoni, kwaiyo hawabebi vifaa kwa kubahatisha. Skrubu nyingi za vifungio hivyo zinataka bisibisi ya pozi namba 3, ambayo ukiiangalia haraka unasema ni plas ya kawaida, ile ya msalaba, na ukitumia plas ya kawaida unakula kichwa cha skrubu na hapo haitoki wala haiingii tena. Wanabeba na pamba ya chuma kidogo na epoksi ya kujazia tundu lililolegea ili skrubu ishike upya, na mikanda ya mpira mgumu ya kufungia kila kitu kikishindikana. Angalia wanavyofikiri: wanaanza na skrubu iliyoko kwenye chombo chao, ndo wanachagua bisibisi. Sisi tunafanya kinyume, tunanunua boksi la bisibisi kumi na mbili za bei rahisi, tunabeba zote, alafu kwenye fimbo ya mgeni kuna skrubu ndogo ya alenki, ile yenye tundu la pembe sita, na funguo yake haimo.

Kwaiyo kwenye brifingi hiyohiyo geuza fimbo zake uone kile kibano kinakazwa na nini, plas ndogo au alenki ya ngapi, chukua hiyo moja tu. Fimbo inayoteleza ukiibonyeza, nyingi ni ya kukaza robo mzunguko. Zile za kuzungusha kwa ndani zichomoe, zifute vumbi na unyevu, zirudishe, mara nyingi hapo tu zinapona. Kama njia yenu ni ya Western Breach na mnabeba kramponi, yale meno ya chuma ya kuvaa chini ya buti kwenye barafu, kaza nati zake mkiwa Moshi na mjaribishie mgeni kwenye buti atakalovaa, kramponi isiyolingana na buti hakuna kifaa cha mfukoni kitakachoilinganisha.

Zipu haraka haraka. Vumbi la Shira na la Barafu ni laini sana linaingia kwenye meno ya zipu linakula kichwa chake mpaka kinapanuka, ndo unaona kinapita lakini nyuma kunabaki wazi. Mswaki wa zamani kusafisha, alafu plaizi, minya pande mbili za nyuma za kichwa kidogo kidogo, kushoto, kulia, jaribu, usiminye kwa hasira maana kikipasuka ndo basi. Paka mshumaa, usipake mafuta ya kula yanakusanya vumbi. Godoro la kupuliza likitoboka tafuta tundu kwa povu la sabuni, likaushe kabisa, kiraka cha kujibandika cha nailoni kinashika, kiraka cha baiskeli na solushen yake ni cha mpira na kwenye magodoro mengi ya nailoni kinabanduka.

Jiko la kempu ni la mpishi lakini wewe uwe unajua. Beba regyuleta moja ya akiba na kipande cha mpira wa gesi na klipu zake mbili na bisibisi ya klipu hizo, ni uzito ndio, lakini jiko likifa watu wote wanashuka, chai hakuna, maji ya kunywa ya kuchemsha hakuna. Kuvuja pima kwa povu la sabuni, usipime kwa kiberiti. Nozeli iliyoziba izibue kwa waya mwembamba kama unywele, ukiingiza pini unaipanua na moto unakuwa mwekundu wa masizi. Mtungi ukizizima usiku na moto ukawa dhaifu, unyanyue juu ya ubao usikae kwenye jiwe la baridi, usiupashe na moto kamwe. Na mgeni au mpagazi akitaka jiko liingie tenti ya kulala ili apate joto, kataa, hewa ya sumu ile haina harufu.

Usiku wa samiti, yani wa kupanda kileleni, ni hesabu nyingine kabisa. Mnatoka karibu saa sita usiku, baridi iko chini ya sifuri na upepo juu yake, kitu chochote kinachotaka uvue glavu hakitafanyika, au kitafanyika na vidole vyako vitalipia. Kwaiyo pale hubebi sindano wala plaizi kubwa. Tochi ya kichwa nzima ya akiba, sio betri peke yake, kwa sababu kubadilisha betri ndogo gizani na mikono imeganda ni kuziangusha kwenye changarawe, mvalishe mgeni tochi nyingine mwende. Betri zenyewe za lithiamu zinavumilia baridi kuliko alkalaini za dukani, na za akiba zikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Mipira miwili, tepu kwenye fimbo, kamba nyembamba mita tano, kebo tai tano. Basi. Kinachoshindikana kwa hivyo huko juu ya 5,000 kinarekebishwa kwa kushuka, na kumshusha mtu ambaye buti limekufa mita 700 chini ya Uhuru ni uamuzi halali kabisa, usione aibu kumshauri gaidi mkuu.

Nataka niseme kuhusu wapagazi, hukuuliza lakini ni sehemu ya jibu. Viatu vinavyofumuka zaidi mlimani sio vya wageni, ni vya wale vijana. Raba ya mtumba imeshapandishwa mara nyingi, soli imesuguliwa laini, na anabeba kilo 20 kwenye matope ya msitu wa Machame. Mfuko wako wa kempu jioni uufungue na kwao, sindano ile na uzi ule na mipira ile, ukipita kwenye tenti yao ukauliza nani kiatu kinasumbua utapata watatu palepale. Na asubuhi ya getini kabla hamjaanza angalia miguu, mwenye kiatu kisichofaa atafute kingine mapema, KPAP, shirika la kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro, pale Moshi wanaazimisha wapagazi vifaa vya mlimani bila malipo, lakini inabidi aende kabla ya siku ya safari. Mpagazi akiteleza kwa ajili ya soli, hiyo ni ajali ya safari yako sawasawa na ya mgeni.

Kuhusu gharama usinunue vyote kwa mfuko wako. Andika karatasi mpelekee meneja wa stoo, mwambie fito iliyovunjika Barafu ingeungwa kwa kibomba, mgeni asingelala tenti ya chakula na asingeandika malalamiko. Mfuko wa kempu ni mali ya kampuni. Wako ni ule wa njiani, na huo karibu wote unapatikana kwa mafundi wa mtaani, plaizi ya kukunja peke yake ndo ya kuwekeza, tafuta Leatherman ya mtumba kwenye masoko ya Memorial au Kiboriloni, ukiipata ikague taya zinakutana na kisu kinafunga kikifunguliwa, za kuigiza taya zinapishana.

Kama unatoka wiki ijayo na muda hautoshi, anza na mipira ya tyubu, tepu na vibomba, hivyo unavipata ndani ya siku moja hapa mjini, sindano na regyuleta vifuate ukishuka. Na hivyo vibomba kavipime kwenye fito za tenti zilezile mtakazopanda nazo, muulize wa stoo ni zipi kabla hajazifunga kwenye mizigo.